Kabla Taka Hazijachanganyika

Mahindi ya rejareja katika masoko ya Turbo hupimwa kwa gorogoro. Kabla ya kuwa kipimo, gorogoro lilikuwa mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Mafuta yakaisha, mkebe ukaoshwa, ukahamia sokoni, na leo mnunuzi anauamini kuliko mizani. Hakuna semina iliyowafundisha wachuuzi jambo hilo. Katika maboma ya Wakalenjin ya papo hapo, sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, husuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet na kutumika mwaka baada ya mwaka. Mtu atakayekuja Turbo kuhubiri kwamba kitu kinaweza kutumika mara mbili atakuwa amechelewa sana.

Shida iko kwenye gunia la taka lililoegemezwa ukutani nyuma ya jikoni.

Gunia hilo likifunguliwa, juu kuna maganda ya viazi na majani ya chai. Chini yake daipa. Pembeni chupa ya soda, betri mbili za tochi, ukoko wa ugali, kandambili iliyokatika. Kila kimoja, kingekuwa peke yake, kingepata pa kwenda: maganda kwa ng'ombe, majani ya chai shambani, chupa kwa mnunuzi wa plastiki. Vikishalala pamoja siku tatu, vikalowana na kunuka, hakuna anayevitaka. Hata ng'ombe akivifikia anaumia, maana nailoni aliyoila pamoja na maganda haisagiki. Hukaa tumboni na kuziba njia ya chakula. Vitu hivyo vilifanywa taka na kule kuchanganywa kwenyewe.

Turbo iko kaskazini-magharibi mwa Eldoret, kwenye barabara kuu ya malori iendayo Webuye na Malaba. Ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na msitu wa misonobari. Lakini eneo bunge la Turbo linafika mbali zaidi ya mji wenyewe, hadi wadi ya Huruma pembezoni mwa Eldoret, lilipo jaa ambalo kwa miaka mingi limepokea taka za Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Mvua kubwa zikinyesha, uchafu wa mjini huteremka hadi mto Sosiani, na Sosiani nao hauishii Eldoret. Hupita upande wa Turbo, ukaungana na Kipkaren, ukaingia Nzoia na mwishowe Ziwa Viktoria. Mkazi wa Turbo anaishi chini ya jiji kwa maana halisi ya neno hilo.

Sera ya taifa ya taka ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Kenya huzalisha tani 22,000 za taka kwa siku, kwa hesabu ya nusu kilo kwa kila mtu. Kati ya hizo, asilimia 60 hadi 70 ni vitu vinavyooza. Ikichukuliwa nyumba ya watu watano, hesabu inakuwa kilo mbili na nusu kwa siku, na kilo moja na nusu au zaidi ya hapo ni maganda, majani na mabaki ya chakula. Kwa mwaka ni karibu kilo 600 za kitu ambacho shamba lililo hatua thelathini kutoka jikoni lingekipokea bila malipo.

Kinachotokea kitu hicho kikirundikwa jaani badala ya kurudishwa shambani kilionekana Kampala mwezi Agosti 2024. Jaa la Kiteezi, lililopokea taka za jiji tangu mwaka 1996, liliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba zilizolizunguka. Zaidi ya watu 30 walikufa. Vitu vinavyooza vikifukiwa bila hewa hutoa pia gesi ya methani, ambayo inashika moto na kupasha anga joto kuliko hewa ya kaboni. Lundo la nyumbani linaloingiza hewa halifanyi hivyo kwa kiasi cha kutisha. Kuoza ni kulekule, ila hewa hubadilisha matokeo.

Sheria nayo imeshafika mlangoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza upande mmoja na zisizooza upande mwingine. Wengi wanakumbuka zaidi ile marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, kwa sababu ilikuja na faini ya hadi shilingi milioni nne na kila mtu alizungumza juu yake. Sheria ya 2022 haikupigiwa kelele kiasi hicho, ingawa ndiyo inayohusu jikoni.

Kabla ya kununua ndoo yoyote, kuna hatua ya bei nafuu zaidi: kutoleta taka nyumbani. Maziwa yanayouzwa kwa mashine za kupima, zile zinazoitwa ATM za maziwa, hutiwa kwenye chombo cha mnunuzi. Mafuta ya kupikia huuzwa ya kupima dukani. Mahindi ya posho huenda kinuni na kurudi unga kwenye ndoo ileile. Jambo la kuchekesha ni kwamba mtindo huu ulidharauliwa kama ununuzi wa maskini, na sasa miji tajiri ya Ulaya inafungua maduka ya kupima na kuyatangaza kama uvumbuzi. Nyumba inayonunua mafuta kwa kupima huepuka vifuko vingi vidogo, na hivi vidogo ndivyo vibaya zaidi: havina uzito wa kumvutia mnunuzi wa plastiki, na upepo huvipeleka popote.

Sasa ndoo. Zinatosha mbili: moja yenye kifuniko kwa vinavyooza, nyingine, au gunia, kwa vikavu. Ziwekwe pale anaposimama mpishi, si nyuma ya nyumba, kwa sababu mkono ulioshika ganda hautembei mita ishirini kulitafutia mahali. Ndani ya ndoo ya kwanza, chini kabisa, yatandazwe maranda au majani makavu kunyonya maji, na kila jioni imwagwe. Inayokaa siku tatu ndiyo inayowafanya watu waseme mboji inanuka.

Kwa nyumba yenye mifugo, kituo cha kwanza cha maganda ni zizi. Hata hivyo kuna mipaka ambayo si kila mtu anaijua. Maganda na majani ya parachichi yana sumu inayodhuru kuku na mbuzi, na ni jambo la kuangaliwa sasa ambapo miparachichi inazidi kupandwa Uasin Gishu. Viazi vilivyogeuka kijani navyo vina sumu. Mahindi yenye ukungu asipewe ng'ombe wa maziwa hata kidogo, kwani aflatoksini hupita mwilini mwake hadi kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Parachichi na viazi hivyo viende kwenye lundo la mboji, na kokwa ya parachichi ipasuliwe kwanza, la sivyo itachipua.

Lundo lenyewe ni chakula cha viumbe wadogo wasioonekana, na wanakula kwa kanuni. Wanahitaji kaboni, ambayo iko kwenye vitu vikavu kama mabua, nyasi kavu na maranda, na naitrojeni, ambayo iko kwenye vibichi na samadi. Wataalamu hutaja sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Nyuma ya nyumba hakuna maabara, hivyo makarai mawili ya vikavu kwa karai moja la vibichi ni mwanzo mzuri, kisha lundo lenyewe litasema.

Turbo ina malighafi ambayo sehemu nyingine zingeionea wivu, na kila moja ina tabia yake. Mabua ya mahindi ni bora, lakini yakatwe vipande vya kiganja. Bua zima hukaa miezi bila kulainika. Ng'ombe nao wanayataka, na mfugaji mwenye akili atampa ng'ombe majani na ncha, kisha apeleke kwenye lundo yale magumu yaliyobaki horini yakiwa yamelowa mkojo. Mkojo huo ni naitrojeni. Magunzi huoza polepole mno. Afadhali yabaki kuni, na jivu lake linyunyizwe kidogo juu ya tabaka. Majani ya mkaratusi na sindano za msonobari ziwe chache. Sangari, lile jani lisilokufa, likaushwe juani juu ya jiwe au bati hadi livunjike, maana kipande kibichi cha mzizi wake kikiingia kwenye lundo kitarudi shambani kikiwa kimenenepa. Tithonia, lile ua la manjano linalomea kando ya barabara nyingi za magharibi mwa Kenya, ni hazina: jani lake likikauka lina naitrojeni ya asilimia tatu na zaidi, pamoja na potasiamu nyingi.

Maranda yanataka onyo la peke yake. Eldoret na viunga vyake ni kitovu cha biashara ya nguzo za umeme na za ua, na nguzo hizo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa asizile. Ndiyo inayozipa ile rangi ya kijani. Vumbi au vipande vya nguzo kama hizo visiingie kwenye mboji, visitandazwe bandani mwa kuku, wala visichomwe jikoni. Aseniki haiozi. Maranda yaombwe kwa fundi anayeranda mbao mbichi za msonobari au mvinje, na aulizwe waziwazi kama zimetiwa dawa.

Mahali pa lundo pawe chini ya mti au ubavuni mwa banda, pasipotuama maji. Ardhi ilimwe kina cha jembe ili nyungunyungu wapande. Chini kabisa hulazwa vijiti na mabua kwa ajili ya hewa, unene wa shubiri moja. Juu yake hufuata vikavu, kisha vibichi, kisha samadi kidogo na konzi ya udongo, na kila tabaka hunyunyiziwa maji. Hurudiwa hivyo hadi lundo lifike kifuani. Upana na urefu usipungue mita moja, kwa kuwa lundo dogo halishiki joto, hasa kwa usiku wa baridi wa nyanda hizi. Mwishoni lifunikwe kwa nyasi au magunia, na fimbo ndefu yenye ncha ichomekwe kwa mshazari hadi katikati.

Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto. Ikichomolewa baada ya siku tatu au nne inapaswa kuwa ya moto mkononi. Katikati ya lundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za selisiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ikitoka baridi na kavu, pengine na ukungu mweupe, lundo lina kiu. Ikitoka baridi na yenye utelezi, limezidiwa na maji. Harufu inayochoma pua kama ya choo cha zamani inaonyesha vibichi au samadi vimezidi, na harufu ya yai viza inaonyesha hewa haipiti. Dawa ya zote mbili ni moja: kulipindua kwa jembe la meno na kuongeza vikavu. Kipimo cha maji ni kufinya konzi ya mchanganyiko. Ishikamane, itoe tone moja au mawili, isichuruzike.

Baada ya wiki tatu hivi lundo hupinduliwa, cha nje kiingie ndani, na tena wiki tatu baadaye. Kwa miezi mitatu mboji huwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya udongo wa msituni. Anayetia shaka apande maharagwe machache kwenye kikopo cha mboji hiyo. Yakichipua manyonge au ya njano, ingoje zaidi.

Nyama, mifupa, mafuta na maziwa visiingie, kwani huita panya na mbwa wa jirani. Kinyesi cha mbwa, paka na watoto nacho kiwekwe mbali na kitu kitakacholisha sukuma.

Hapa panatakiwa ukweli, kwa sababu mboji huuzwa kwa maneno matamu kupita kiasi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una naitrojeni kilo tisa. Zile kilo 600 za jikoni, zikioza na kupungua, hubaki kama kilo 250 za mboji, na naitrojeni iliyomo huenda isifike kilo tatu. Mkulima wa ekari kumi za mahindi asidanganywe kwamba maganda ya nyumbani yatamwondolea foleni ya mbolea ya ruzuku. Lakini kilo hizo 250 ni kama madebe 25, na debe moja kwa kila mita ya mraba linatosha bustani ya mita tano kwa tano. Bustani hiyo ndiyo inayolisha nyumba sukuma, managu na saga mwaka mzima, mboga ambazo sasa humwagiwa fedha kwa mama mboga pasipo sababu.

Faida nyingine haimo kwenye hesabu ya naitrojeni. Udongo wa sehemu nyingi za Uasin Gishu una asidi, na DAP ya miaka na miaka imeiongeza. Mboji huufanya ushike maji na kuzuia virutubisho visioshwe na mvua. Asidi yenyewe hutibiwa kwa chokaa ya shamba, nayo ifuate vipimo vya udongo. Maarifa ya mboji si mageni katika eneo hili. Kituo cha kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, kimekuwa kikifundisha mboji na matuta ya kina tangu 1984. Na mapema mwaka 1933 shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, lilianza kutengeneza mboji kwa njia ambayo Mwingereza Albert Howard aliiunda Indore kwa kuwatazama wakulima wa India. Walowezi walijifunza kwa Wahindi kile ambacho bibi wengi wa Kiafrika walikuwa wakikifanya kwa kutupa majivu na maganda penye migomba.

Anayepanga chumba kwenye ploti hana mahali pa lundo la mita moja. Ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini na ubavuni, iliyowekwa juu ya matofali mawili, humtosha. Hujazwa kwa zamu, tabaka la maganda na tabaka la maranda, kisha huachwa miezi minne hivi huku ya pili ikianza kujaa. Haitapata moto, kwa hiyo mbegu za nyanya zitachipua. Ni hasara ndogo. Mboji yake huingia kwenye gunia la sukuma lililosimamishwa mlangoni. Wapangaji wakielewana, ploti nzima inaweza kumpa mfugaji mmoja maganda yake kila jioni, na yeye akawarudishia samadi au hata maziwa ya watoto. Mapatano ya aina hiyo yanahitaji jambo moja tu: ndani ya ndoo kusionekane waya wala nailoni. Ng'ombe mmoja akiumia, mapatano yamekwisha.

Ndoo ya vikavu ni kazi rahisi zaidi, mradi vitu vioshwe. Wachuuzi wa mali kwa mali hupita vijijini wakibadilisha beseni na vikombe kwa plastiki kuukuu na sufuria zilizotoboka. Chupa za soda na mitungi hununuliwa kwa kilo, na bei hupanda plastiki ikiwa safi na imetengwa. Chuma kiuzwe kwa mnunuzi mwenye leseni, kwani biashara ya chuma chakavu ilipigwa marufuku kwa muda mwaka 2022 baada ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma, na tangu hapo haichezewi. Karatasi na maboksi yasiyo na nailoni yanaweza kuchanwa na kuingia kwenye mboji kama kikavu. Jijini Nairobi, kampuni ya Gjenge Makers ya Nzambi Matee hufinyanga plastiki na mchanga kuwa matofali ya kutandika njia. Lakini viwanda vya aina hiyo haviwezi kuanza na chupa iliyojaa uji.

Kuchoma ndiko kunakovutia zaidi, hasa msimu wa kiangazi. Moshi wa plastiki, na zaidi ule wa mabomba na nyaya za PVC, una dayoksini, sumu inayotua kwenye nyasi anazokula ng'ombe na kukaa kwenye mafuta ya maziwa yake. Moto wa jioni unaweza kurudi ndani ya kikombe cha chai.

Hata nyumba yenye bidii itabakiwa na kitu. Daipa hazina soko wala haziozi. Nepi za kitambaa kwa mchana na daipa kwa usiku hupunguza mzigo kwa zaidi ya nusu. Betri zitiwe kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko, zisitupwe chooni wala shambani. Vioo vilivyovunjika vifungwe kwenye boksi na kuandikwa, kwa ajili ya mikono ya mzoataka. Hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachopaswa kwenda na gari la taka, na gunia lililokuwa likijaa kila wiki linaweza kuchukua mwezi.

Wakati mzuri wa kuanza Turbo hufuata kalenda ya mahindi. Mavuno hukamilika kufikia Desemba na mabua yamejaa kila mahali. Kiangazi cha Januari kinataka maji ya kunyunyizia, hata yale ya kuoshea mboga, na kifuniko kizito ili upepo usilikaushe lundo. Likijengwa wiki ya kwanza ya Januari, hupinduliwa mwishoni mwa mwezi na tena katikati ya Februari. Mvua zikianza mwishoni mwa Machi, mboji hubebwa kwa karai hadi kwenye matuta ya sukuma, na lundo la pili huwa limekwisha fika nusu kwa maganda ya miezi hiyo.